Tezi Tatu za Buluu

Mimi kazi yangu ni kuosha maiti wa kike. Nauza pia vitambaa soko la Volo Volo, lakini ukiuliza mtaani kwetu hapa Moroni hawatakwambia muuza vitambaa, watakwambia yule mama anayeosha. Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo ugonjwa wangu hauelezeki. Mwenye kuosha huona, na alichokiona hasemi. Hilo ndilo sharti nililopewa na mama yangu kwetu Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, kabla hata hajanifundisha kushika kata ya maji. Basi kuna kitu nilikiona, nikakaa nacho miaka, na ndicho kilichonifanya nimshuku kila daktari aliyenigusa. Leo ninacho kibali cha kukisema. Kibali nimekipataje, nitafika huko, msinikimbize.

Kiswahili hiki ni cha Unguja. Nilikaa huko miaka sita na mume wangu wa kwanza, mwanamume mzuri wa sura, na hapo pa sura ndipo uzuri wake ulipoishia. Kutoka Unguja nilirudi na lugha na rafiki mmoja, Bi Rukia, ambaye mpaka leo hunitumia vitambaa. Yeye ndiye aliyeniandikia kwamba binti wa dada yake ana saratani ndani ya mji wa mimba, ile ya ndani kabisa, si ya mlangoni, na madaktari wawili wanamwambia maneno mawili. Mmoja anataka kumtoa tezi zote za ndani ya nyonga, mwingine anataka kutoa chache tu. "Wewe yalikukuta," kasema Bi Rukia. "Mwandikie mtoto." Nami nimesoma chuo cha Kurani tu, shule ya Wafaransa niliiona kwa nje. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema.

Damu ilirudi mwezi wa Rajabu. Nilikuwa nimekatika hedhi miaka kumi na moja. Nikamwambia jirani yangu wa kibanda, Mama Soa, anayeuza vitunguu. Yeye kazaliwa Majunga, akaletwa hapa mwaka sabini na saba pamoja na wenzake walionusurika mauaji ya watu wetu kule Madagaska, na tangu hapo hakuna kinachomshangaza.

"Umepata mchumba?" akaniuliza.

"Nimepata damu."

"Basi mchumba yuko njiani. Mwili umeanza kufagia uwanja."

Tukacheka. Nasema wazi kwamba tulicheka, ili wewe unayesoma usicheke. Damu ikirudi baada ya kukatika, usiweke hata kwa wiki moja. Mimi niliiweka miezi miwili na zaidi, na kosa langu lilikuwa la waosha maiti. Niliihesabu ni hedhi. Nikaacha kusali, nikaacha kufunga Ramadhani, nikaacha kuosha. Wapo mafundi wa dini wanaosema mwanamke aliye kwenye siku zake aweza kuosha, lakini mama yangu hakulikubali hilo, na mimi ni wa mama yangu. Walinijia msiba wa kwanza nikasema mgongo. Wa pili nikasema mgongo. Wa tatu alikuwa mama wa jirani, mlango kwa mlango, nikajifungia ndani nikisikia wanavyoniita.

Binti yangu Hadija akaja na uso umekunjwa. "Mama, watu wanasema umeringa. Wanasema siku hizi unaosha matajiri tu."

"Na waseme."

"Mgongo gani huo unaobeba majora ya nguo sokoni?"

Akafungua kapu langu la nguo chafu kabla sijamzuia. Alipoinua uso hakuwa amenuna tena. Siku ya pili ya Idi tukawa hospitali.

Benchi la hospitali nalijua kuliko kitanda changu. Lilikuwa na ubao mmoja uliochomoka msumari, na kila aliyekaa pale aliondoka na kishimo kwenye nguo. Tulikaa wanawake, kila mmoja kashika kadi yake kaigeuza, jina lielekee chini. Nilizungumza kidogo sana. Ilikuwa ile miaka Nzuani ilipojitenga na visiwa vingine, na lahaja yangu ya Mutsamudu hujulikana kwenye neno la kwanza. Ukisema habari za asubuhi tu, mtu wa Moroni keshajua umetoka kisiwa gani na keshaamua una hatia gani. Nilijibu kwa kichwa. Muuguzi akanidhania bubu, akawa ananipigia kelele sikioni.

Wakanikwangua kizazi. Sitapamba, iliuma. Kilichokwanguliwa kikatiwa kichupani, kikapelekwa nje ya nchi kuangaliwa, kwa sababu hapa hakuna wa kuangalia. Tukangoja mpaka upepo wa kusi ukaanza kuvuma. Miezi hiyo nilikonda, pete ikawa inazunguka kidoleni, na harufu yangu ikabadilika. Wenye pua ya kazi yangu tunaijua harufu ya mwili unaoanza kuharibika ndani. Nilijinusa nikajiambia, hii unaijua.

Jibu lilipokuja, aliyetuita ni daktari mzee, mvi tupu, sauti ya chini. Akaandika kadi mpya. Jina? Nikasema. Umezaliwa wapi?

"Mutsamudu."

Kalamu ikasimama. Sikuota. Ilisimama juu ya karatasi kwa muda wa mtu kumeza mate mara mbili. Akaniangalia, akafumbua mdomo kama anayetaka kusema kitu, akaufunga. Halafu akasema, "Bweni," ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, "ni saratani. Bado iko ndani ya kizazi, kwa tunavyoona. Tutatoa kizazi na mayai yake. Na tezi. Zote, kulia na kushoto, tupande mpaka kwenye mshipa mkubwa."

Tezi alizosema ni ndugu za zile zinazovimba kinena ukijikata mguuni, ile mitoki. Hizi zimejificha ndani zaidi, na ugonjwa ukitaka kutembea hupitia humo.

"Zote?" nikauliza.

"Zote. Nikiacha moja yenye ugonjwa, utarudi kwangu."

"Na miguu yangu?"

Hadija akanigeukia. Daktari akatazama dirishani. "Baadhi ya wanawake huvimba."

"Huvimba ikapungua au huvimba ikakaa?"

"Baadhi hukaa."

Sasa niseme nilichokiona. Miaka kadhaa kabla ya hapo niliitwa nyumba moja kumuosha mwanamke. Jina lake sisemi. Nilipofunua shuka nikaona kovu kutoka kitovuni kwenda chini, la zamani, limeshakuwa jeupe. Chini ya kovu kulikuwa na miguu ambayo sijapata kuiona. Hayakuwa matende, lakini yangeweza kuitwa ndugu yake. Migumu kama shina la mgomba, ngozi nene ya vinyweleo vilivyozama, haikunjiki. Mguu mmoja tuliunyanyua wanawake wawili. Nilipobonyeza kidole shimo lilibaki, na maji niliyomwagia yakatuama mle. Mwanamke mmoja wa nyumba ile akaninong'oneza, "Alipasuliwa ng'ambo, wakatoa tezi zote." Tukamaliza, tukamvisha. Nikatoka uani kwa jamaa zake wanaume nikawaambia kama tunavyowaambia watu wote: "Ametoka laini, uso wake umetulia." Nilidanganya. Laini hakuwa.

Na kuosha ni kazi ya miguu. Watu hudhani ni ya mikono. Ni kuchuchumaa na kupiga magoti kwenye sakafu yenye maji saa nzima, na kuinuka umebeba. Mwenye miguu ile haoshi. Yeye hungoja kuoshwa.

Hadija alinishika njiani tukirudi. "Mama, mtu kakwambia saratani, wewe wauliza miguu?"

"Nauliza, sijakataa."

"Unachagua miguu kuliko roho?"

"Sijachagua!"

"Basi niambie kwa nini miguu!"

Ningemwambia nini? Kilichoniziba mdomo ni kazi yangu. Akadhani ni ukaidi, akaninunia siku nne. Nami siku zile nne nilikuwa naiwaza ile kalamu. Kwa nini ilisimama kwenye Mutsamudu? Kwa nini neno lililofuata likawa zote? Nikajiambia, kwa wa kwao angetoa chache. Kwa mtu wa Nzuani, kata tu, safisha mpaka mifupani, nani atauliza.

Mji nao ulikuwa umebadilika. Mteja wangu wa miaka minane, mwanamke niliyemuosha mama yake kwa mikono hii, alikuja kibandani akashika kitambaa, akakiachia kama kimemuunguza. Akasema kwa sauti wasikie wote: "Rudi kwenu." Hakuwa wa mwisho. Yakawa ndiyo maamkizi. Rudi kwenu, ukipita. Rudi kwenu, ukutani kwa mkaa.

Mama Soa akafunga kibanda chake adhuhuri, jambo asilolifanya hata kwenye mvua. Akakaa juu ya jora langu.

"Mimi walinianza hivi hivi kule Majunga," akasema. "Siku ya kwanza walinicheka. Ya pili wakaacha kununua. Nikasema kesho itapoa. Wewe usingoje kesho yako."

"Nina ugonjwa, Mama Soa. Nimepangiwa kupasuliwa."

"Na utalala umefumba macho mbele ya nani?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Nikajiona nimelazwa, nimechomwa sindano ya usingizi, na kisu kiko kwa mtu ambaye kalamu yake ilisimama.

Nikaamua kwenda kupasuliwa kwetu Nzuani. Hadija alibaki, mume wake ni mtu wa Moroni na watoto wako shule. Alinisindikiza mpaka majini. Nilipofungua begi chomboni nikakuta ameikata shuka yake ya harusi, ile ya pamba nzito, vipande vipande vya kufungia damu, akavikunja na kuvitia karafuu. Nililia hapo, nikamwambia mwanamke aliyekaa karibu nami ni moshi wa injini.

Bandari ya Mutsamudu ilikuwa kimya kama uwanja wa shule siku ya mapumziko. Vikwazo vilikuwa vimeubana mji, meli haziji, wapagazi wamekaa kwenye vivuli vya makontena wanacheza karata. Mdogo wangu Echati alinipokea kwenye nyumba ya mama yetu, mji wa kale, ngazi arobaini za mawe, nami natoka damu. Echati anasema kuliko redio. Kabla sijavua viatu alishanieleza nani kafa, nani kaolewa na nani alistahili lipi kati ya hayo. Siku ya tatu tukashuka Hombo, hospitali.

Daktari wa huko alikuwa kijana wa miwani, mtoto wa kisiwa, kasomea mbali karudi. Akasoma karatasi zangu. "Nani alisema zote?"

Nikamtajia yule mzee.

Akatabasamu. "Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kisu. Hili bado tunabishana. Mimi, bweni, nitatoa kizazi na mayai kama yeye. Lakini tezi siingii kuzizoa. Kabla ya kukata natia dawa ya buluu kwenye kizazi. Inatembea yenyewe, njia ileile ambayo ugonjwa ungepita. Tezi za kwanza kugeuka buluu ndizo ninazotoa, mbili, tatu. Hizo zikiwa safi, nyingine sina sababu ya kuzigusa. Na miguu yako ina nafasi kubwa zaidi ya kubaki miguu."

Ungedhani nilifurahi. Nilikaza macho. Kule wanataka zote kwa sababu mimi ni wa huku. Na huku? Huku hamna dawa, hamna uzi, umeme unakuja ukijisikia. Nikaona nimelijua la huyu pia: anakata kidogo kwa sababu hana cha kushonea.

Nikamuuliza usoni. "Baba, ungekuwa na kila kitu, uzi, dawa, taa, meli zimejaa bandarini, ungenikata kiasi gani?"

"Hicho hicho."

"Apa."

Echati akanifinya. "Dada! Daktari haapishwi!"

"Basi mimi si mgonjwa wake."

Kijana akavua miwani, akaifuta, akasema, "Wallahi, hicho hicho." Halafu akaongeza bila kuulizwa: "Lakini nikwambie na ubaya wake. Zikija na ugonjwa, nitakufungua tena, na safari hiyo nitazitoa zote. Na jibu litachelewa, unajua hali."

Yule mzee naye alinitisha, ukifikiri vizuri. Lakini huyu alinitisha kuhusu kazi yake mwenyewe, na hapo nikamwamini kidogo. Kidogo tu. Nyumbani nikachukua buluu ya kufulia, ile tunayotia kwenye nguo nyeupe, nikalowesha kipande cha shuka ya Hadija, nikadondosha tone moja. Tone likatawanyika, halafu likakimbilia kwenye mshono, likapanda nao mpaka kwenye fundo la kwanza, likatulia hapo. Nikalitazama lile fundo muda mrefu. Nikamwambia Echati, "Mwambie atie buluu yake."

Jenereta ya upasuaji haikuwa na mafuta ya kutosha. Jambo hili silisahau. Echati, na mdomo wake ule, alizunguka mtaa mzima, na asubuhi ya siku yangu kina mama walishuka ngazi kila mmoja na chupa. Chupa ya mafuta ya kupikia, chupa ya soda, chupa ya dawa ya kikohozi, ndani yake petroli iliyonyonywa kwenye pikipiki za waume zao. Mwanamke mmoja niliwahi kugombana naye tungali wasichana, kwa sababu ya mvulana ambaye hata sura yake siikumbuki. Naye alileta yake, nusu chupa, akaiweka chini bila kunisalimu.

Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichosikia ni Echati akipiga ukemi.

"Wamemtilia sumu! Njooni mwone! Wamemtilia sumu dada yangu!"

Nikageuza shingo. Kwenye mfuko wa mpira wa mkojo, ubavuni mwa kitanda, mkojo wangu ulikuwa wa kijani. Kijani hasa, kama maji yaliyotwangiwa majani. Sikuwa na nguvu ya kupiga ukemi, ningemsaidia. Nililala pale nikawaza: ndiyo, nilijua, niliapisha mtu na kumbe ananiua. Daktari akaja mbio, akaona, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ni ile buluu, mama zangu! Lazima itokee mahali!"

"Itokee kwako!" Echati akamwambia.

Ilichukua siku mbili kurudi rangi. Siku zile kila aliyekuja kunitazama alitazama kwanza mfuko, kisha mimi. Jingine wasilokwambia: baada ya kupasuliwa tumbo watakuuliza kila asubuhi kama umetoa upepo. Daktari, muuguzi, hata mwanamke wa kitanda cha pili. Mimi mtu mzima, naulizwa hadharani. Siku ulipotoka wodi nzima ilinipongeza. Tumbo lilikuwa kama mfuko ulioondolewa unga, linaning'inia, na kucheka kuliuma kuliko kulia, na mimi nina ndugu anayechekesha bila kujua.

Lakini kabla ya yote hayo, kabla hata ya maji, nilimwambia Echati abonyeze ugoko wangu kwa kidole gumba. "Umerudi?" "Umerudi." "Na wa pili?" "Umerudi, lala!"

Daktari alinionyesha zile tezi kwenye kichupa. Tatu, ndogo kama kunde, za buluu. Nikamwambia kichupa kisiondoke bado. Nikamtuma Echati nyumbani kwenye kapu la mama, akaniletea uzi wa sanda, ule mweupe usiosokotwa sana, nikaufunga shingoni mwa kichupa fundo letu la waosha, linalofunguka kwa kuvutwa upande mmoja tu. Kwa sababu nani angenihakikishia kwamba kichupa kitakachofika ndicho kilichotoka? Bahari imefungwa, watu wanapita njia zisizotajwa, na tezi za wanawake wote zinafanana.

"Bweni," kijana akasema, "huko hawasomi mafundo."

"Usifungue tu."

Kikaondoka, hakuniambia kwa mkono wa nani. Msimu wa karafuu ukaingia. Mji mzima ukatandaza mikeka juani, karafuu zikianikwa bila mnunuzi, nami nakaa kizingitini najishikilia tumbo kwa mto nikikohoa. Simu zilikatika, Hadija sikumsikia. Nikaanza kumshuku Echati. Kila daktari alipopita kunitazama kidonda, wawili hao walibaki mlangoni wakinong'ona, nikitokea wanaachana. Nikajua. Jibu limekuja, ni baya, wananificha. Siku moja nikajikongoja mpaka nyuma ya pazia nikawasikia.

"Ana tabia njema na anapika," Echati alikuwa anasema. "Na miwani yako haimsumbui."

Alikuwa anamposea binti yake! Mimi nakufa nyuma ya pazia, yeye anatafuta mkwe. Nikatoka nikawatukana wote wawili, na kwa kweli lile tusi lilinirudishia afya kuliko dawa zote.

Jibu lilikuja karafuu zikiwa zimeshaingizwa magunia. Daktari alipanda ngazi arobaini mwenyewe. Akaniwekea karatasi magotini. Kifaransa sisomi, lakini pembeni, chini ya muhuri, kulikuwa na uzi wangu. Mtu fulani huko, sijui mwanamume au mwanamke, aliukata uzi bila kulifungua fundo, akaubandika kwa gundi kwenye karatasi ili urudi kwa mwenyewe. Nilivuta upande wa kushoto. Haukufunguka. Nikavuta wa kulia. Ukafunguka.

"Ni kichupa changu," nikasema. "Sasa soma."

"Safi," akasema kijana. "Zote tatu."

Nilirudi Moroni visiwa vilipoanza kuzungumza tena. Hadija alinishika mlangoni, hakunikumbatia kwanza, alipiga magoti akaniangalia miguu, moja, mbili, ndipo akalia. Mama Soa alikuwa amekitunza kibanda changu, kakijaza vitunguu, na vitambaa vyangu mpaka leo vina harufu hiyo. Yule mteja wa miaka minane alirudi pia kununua. Nilimuuzia. Sikumwambia karibu.

Nilichukua tena kata. Nikaosha mwaka mmoja, wa pili. Ndipo asubuhi moja yule daktari mzee akaja sokoni. Alikuwa ameshastaafu, anatembea na fimbo. Mimi nimechuchumaa chini nakunja majora. Hakusalimu. Alisimama akatazama miguu yangu.

"Inakunjika," akasema.

"Alhamdulillahi. Alinipasua mwanafunzi wako."

"Najua. Aliniandikia. Ameniandikia kurasa sita kunionyesha kwamba nilikosea." Akaketi kwenye kigoda cha Mama Soa. "Siku ile uliponiuliza miguu, bweni, nilijua umeiona wapi. Wewe ulimuosha dada yangu."

Nikaendelea kukunja jora. Waosha hatujibu.

"Ulitoka uani ukatuambia ametoka laini. Mimi ni daktari, niliijua miguu yake miaka tisa. Nilijua umetudanganya, nikashukuru." Akaiegemeza fimbo gotini. "Lakini ile miaka tisa aliipata. Alilea wajukuu akiwa amekaa kwenye kiti. Kwa hiyo ulipouliza sikujua nikujibu nini. Nilichokijua ni kutoa zote."

Nikaona sasa nimuulize langu, nimelibeba vya kutosha. "Na kalamu? Nilisema Mutsamudu, kalamu ikasimama."

Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Kule Mutsamudu kulikuwa na mtu mmoja tu visiwani anayejua kufanya ile ya buluu. Nilitaka kukupeleka kwake. Sasa fikiria, siku zile, hapa Moroni, mimi nikuangalie wewe mgonjwa usoni nikwambie: rudi kwenu."

Mama Soa, aliyekuwa anajidai anapanga vitunguu, akaacha kupanga.

"Ningekutemea mate," nikamwambia.

"Ndiyo maana kalamu ilisimama."

Kisha akasema, "Hayo ya dada yangu, yaseme. Wanawake wanaulizwa wachague na hawajui wanachagua nini. Miguu yake waambie, na ile miaka tisa waambie pia. Usiache moja." Hicho ndicho kibali changu, na ndivyo nilivyofanya. Wewe mtoto wa Unguja, sikuambii uchague chache wala zote. Tumbo lako si langu. Muulize daktari wako angefanya nini kama angekuwa na kila kitu, muulize ubaya wa anachokipenda yeye mwenyewe, na akikasirika kuulizwa, vaa viatu. Mimi kila asubuhi bado nabonyeza ugoko kwa kidole gumba, na kila nikiona tone kwenye nguo, hata la chai, moyo hunikatika.

Yule mzee aliinuka akagusa jora la pamba nyeupe, ile isiyo na nakshi. "Nikatie ya kuweka," akasema. Nikaelewa ni ya sanda. Watu wa umri wetu huiweka sandukuni na kafuri, wasiwasumbue wenye msiba.

Nikafungua jora. Akainama na fimbo yake, macho kwenye mkono wangu.

"Upime vizuri," akasema. "Nyinyi wa Mutsamudu nawajua."

Nikampimia mbele ya macho yake, halafu nikampimia tena, na pima ya mwisho nikaizidisha kidogo upande wa miguu.